Pima Kwanza, Betri Ununue Baadaye

Wenye pikipiki kuukuu wanaovuka mpaka hubadilisha betri mara kwa mara, ilhali ugonjwa uko kwingine. Mita ndogo na nusu saa ya subira huokoa fedha na safari.

Pikipiki imeegeshwa Nkoma, mjini Mbale, magunia mawili ya maharage yakiwa yamefungwa nyuma. Mwenyewe anataka kuteremka hadi Lwakhakha, avuke aingie Kenya, auze mzigo Bungoma. Anabonyeza honi, inakoroma kama mtu mwenye mafua. Indiketa zinawaka bila kupepesa. Betri ina miezi mitatu tu, na ni ya tatu ndani ya mwaka mmoja.

Mwenye pikipiki huyu hana jina moja. Yupo Nkoma, yupo Tororo, yupo Malaba. Yupo pia Busia, mji ambako biashara ya boda boda ilianza miaka ya 1960 kwa vijana wenye baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka, huku wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli zilipisha pikipiki, na pikipiki nyingi kati ya hizo sasa zimezeeka: Bajaj Boxer zilizopita mikono ya watu watatu wanne, TVS zilizopauka rangi, Honda CG125 na ndugu zake wa Kichina. Injini bado inavuta mzigo. Kinachotangulia kuchoka ni umeme.

Umeme ukichoka, hasara huingia kidogo kidogo. Leo honi, kesho taa ya breki, keshokutwa pikipiki inagoma alfajiri wakati wenzake wamekwisha kuondoka. Siku ya soko ikipotea hairudi. Tena, pikipiki isiyo na taa ya nyuma kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo usiku, katikati ya malori yanayotoka na kwenda Malaba, ni hatari kwa maisha.

Jibu la haraka ni kununua betri. Betri mpya huifufua pikipiki kwa wiki kadhaa, kisha hadithi inaanza upya. Mara nyingi betri ndiyo ya kwanza kuonyesha ugonjwa, lakini chanzo kiko mahali pengine. Asiyepima hulipia matokeo na kukiacha chanzo kikiendelea kula.

Kama Nalubaale, lakini ndogo

Anayetoka Jinja kuja Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi huanza safari yake karibu na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Pale maji ya Mto Nile huzungusha mtambo, sumaku zikazunguka karibu na nyaya zilizosukwa, na umeme ukazaliwa. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Pikipiki huifuata hiyo hiyo, kwa udogo.

Ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko, kuna gurudumu la chuma lenye sumaku linalozungushwa na injini. Katikati ya gurudumu hilo kuna koili, yaani waya wa shaba uliosukwa kuzunguka chuma. Sumaku zikizunguka, koili hutoa umeme. Huo ni umeme geu, ule ambao mita huuandika AC, na betri haiwezi kuupokea hivyo ulivyo. Kwa hiyo hupitia kwanza kwenye kisanduku chenye mapezi ya kupoza joto, ambacho mafundi wengi hukiita rektifaya. Kisanduku hicho kina kazi mbili: kuunyoosha umeme uende upande mmoja, na kuuzuia usizidi kipimo injini inapokimbia.

Basi mnyororo una viungo vinne: koili na sumaku zake, rektifaya, nyaya na soketi, na mwisho betri. Kiungo kimoja kikikatika, betri hubaki inatoa bila kupokea, mithili ya duka linalouza bila kuleta bidhaa mpya.

Jambo moja huwachanganya wengi. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa kubwa ya mbele hailishwi na betri. Hupata umeme wake kutoka kwenye koili. Ndiyo maana hufifia injini inaponguruma taratibu na kung'aa inapopigwa resi. Hiyo si hitilafu. Vilevile, pikipiki ambayo mfumo wake wa kuwashia cheche unalishwa na koili itaendelea kutembea kwa kiki hata betri ikifa. Ile inayotegemea betri kwa cheche itazimika njiani. Mfanyabiashara anapaswa kujua yake ni ya kundi gani kabla ya kubeba mzigo wa watu.

Vipimo vitatu

Kinachohitajika ni malitimita, ile mita ndogo ya mkononi inayouzwa madukani pa vifaa vya umeme. Hata ile ya bei ya chini inatosha. Betri ikiwa ya volti 12, mita iwekwe kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Baadhi ya pikipiki za zamani kabisa hutumia volti 6. Kwa hizo tarakimu zote zinazofuata zigawanywe kwa mbili.

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma karibu 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, imeishiwa. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa, huenda chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hapo ndipo betri mpya inahitajika kweli.

Kipimo cha pili ni cha kuipa betri kazi. Swichi ifunguliwe, breki ikanyagwe, honi ibonyezwe kwa sekunde chache huku mita ikitazamwa. Betri yenye afya hushuka kidogo, na honi ikiachwa hupanda tena. Betri iliyochoka huporomoka ghafla. Kwa pikipiki yenye stata, wakati wa kuwasha volti zisishuke chini ya 10.

Kipimo cha tatu ndicho kinachotoa hukumu. Betri iwe imechajiwa, injini iwashwe, kisha ipigwe resi ya wastani. Mita ipande na kutulia kati ya volti 13.5 na 14.5; baadhi ya pikipiki hufika 14.8. Injini ikinguruma taratibu, pikipiki kuukuu yaweza isifike 13, na hilo halina neno. Lakini ikiwa kwa resi ya wastani mita inabaki pale pale ilipokuwa injini imezimwa, au inazidi kushuka, umeme haufiki kwenye betri. Betri mpya haitabadilisha lolote.

Mita ikivuka 15, tatizo ni la upande wa pili: rektifaya imeacha kuzuia. Betri ya maji huchemka, maji yake hupungua kila wiki, balbu hukatika mfululizo. Hapa pia betri hulaumiwa bure. Atakayeweka mpya ataichemsha nayo.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani ambacho kinafaa kuachwa: kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ili kuona kama itazimika. Betri husaidia kutuliza umeme wa pikipiki nzima. Ikiondolewa ghafla, volti zinaweza kuruka na kuunguza balbu, rektifaya au kifaa cha cheche. Kipimo cha dakika moja chaweza kuzaa bili ya vifaa vitatu.

Kutafuta palipokatika

Kipimo cha tatu kikionyesha kwamba chaji haifiki, fundi mzuri huanza na vitu vya bure kabla ya kugusa vya kununuliwa. Vichwa vya betri vifunguliwe, visuguliwe hadi ving'ae, virudishwe na kukazwa. Fyuzi itolewe na kupimwa kwa mita, kwani inaweza kuonekana nzima kwa macho huku imepasuka ndani ya kofia yake.

Kisha zifuate soketi. Barabara zinazoshuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kutoka Bududa, Sironko na Kapchorwa, huwa na tope zito wakati wa mvua. Maji na tope huingia kwenye soketi za plastiki, pini hushika kutu, kutu huleta joto, na joto huyeyusha plastiki. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia au iliyolainika ni ushahidi tosha. Ikatwe, iwekwe mpya. Kuzungushia gamu juu ya kutu ni kuficha tu.

Mita husaidia pia kukamata kutu isiyoonekana. Injini ikinguruma kwa resi ya wastani, ncha moja ya mita iguse chanya ya betri na nyingine waya wa rektifaya unaopeleka chaji. Tofauti isizidi nusu ya volti. Ikizidi, umeme unapotea njiani. Jaribio hilo lirudiwe kati ya hasi ya betri na bodi ya injini, na tena kati ya hasi na mahali rektifaya ilipofungwa. Pikipiki iliyopakwa rangi upya mara nyingi hukosa bodi safi, kwa sababu rangi imekaa kati ya chuma na chuma. Msasa kidogo chini ya bolti humaliza kesi ambayo ingegharimu rektifaya nzima.

Kama njia ni safi, zamu ni ya koili. Injini izimwe, soketi ya koili itenganishwe na rektifaya, mita iwekwe kwenye omu. Koili nzima husoma upinzani mdogo, mara nyingi omu moja au mbili na ushei. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Pikipiki yenye nyaya tatu za rangi moja kutoka kwenye koili hupimwa pia kwa kugusisha kila waya na bodi. Pasiwe na mawasiliano. Yakiwapo, koili ina shoti. Lakini tahadhari: pikipiki nyingi ndogo za zamani zina koili ambayo mwisho wake mmoja umefungwa kwenye bodi kiwandani, na kwazo mawasiliano hayo ni ya kawaida. Fundi asiyejua tofauti hiyo huitupa koili nzima.

Jaribio la mwisho la koili ni kuiwasha injini, ikiwa inaweza kuwaka bila rektifaya, na kupima umeme wake kwa mita iliyowekwa AC. Tarakimu hutofautiana kwa kila muundo, lakini jambo la kutazama ni moja: volti zipande kwa utulivu kadiri resi inavyopanda. Zikipanda vizuri na njia ni safi, na bado betri haipati kitu, rektifaya ndiyo mkosaji. Uamuzi umefikiwa kwa kuondoa mmoja mmoja, bila kubahatisha.

Rangi za nyaya nazo hudanganya wasafiri. Katika pikipiki za muundo wa Honda CG125, kwa kawaida waya wa kijani ni bodi, mwekundu huenda kwenye betri, na wa njano na mweupe hutoka kwenye koili. Aliyezoea hizo asiichukue kanuni hiyo kwenye Bajaj au TVS. Kila kampuni ina rangi zake.

Mzigo uliozidi

Kuna pikipiki ambazo vipimo vyote ni safi na betri bado inakufa. Hapo maswali yageukie matumizi. Koili ya pikipiki ndogo ilipimwa kiwandani kwa taa zake, honi yake na basi. Mwenyewe ameongeza taa mbili za mbele, redio, honi ya gari na kichwa cha kuchajia simu. Akisubiri wateja kwa saa tatu injini ikiwa imezimwa na redio ikiimba, asishangae.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri nyingi za pikipiki za kiki ni za ampea-saa 2.5 hadi 5. Kinachokula ampea moja kinaweza kumaliza betri ya ampea-saa 2.5 kwa saa mbili na nusu. Na betri ya asidi inayomalizwa kabisa mara kwa mara huharibika haraka hata kama chaji ni nzuri.

Ikiwa betri inakufa usiku wakati kila kitu kimezimwa, pengine kuna kitu kinanyonya. Waya wa hasi ufunguliwe, mita iwekwe kwenye ampea, kuanzia kiwango cha juu, kisha iunganishwe kati ya waya huo na betri. Pikipiki kuukuu isiyo na king'ora inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, vifaa vilivyoongezwa vichomolewe kimoja kimoja hadi mwizi aonekane. Injini isiwashwe mita ikiwa katika hali hiyo, itaungua.

Kununua upande wa pili wa mpaka

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kupima kuna faida nyingine isiyowahusu wengine. Kifaa kilichonunuliwa Bungoma au Nairobi na kugundulika Mbale kwamba hakikuhitajika ni vigumu kukirudisha. Nauli ya kurudi yaweza kupita bei yake, na maduka mengi hayarudishi fedha za vifaa vya umeme vilivyokwisha kufungwa. Ndiyo maana ugonjwa ujulikane kabla ya kuvuka.

Anayekwenda kununua rektifaya achukue ile ya zamani mkononi. Ahesabu pini, alinganishe umbo la soketi na mpangilio wa nyaya. Mbili zinaweza kufanana kwa sura huku moja ikiwa ya koili ya nyaya tatu na nyingine ya koili yenye mwisho kwenye bodi. Kwa betri, atazame volti, ampea-saa, vipimo vya kisanduku na upande ilipo chanya. Risiti iandikwe jina la duka, tarehe na aina ya kifaa.

Betri inayouzwa ikiwa kavu isifungwe mara tu baada ya kutiwa asidi. Iachwe ipumzike nusu saa, kisha ichajiwe polepole kwa moja ya kumi ya ukubwa wake; ya ampea-saa 2.5 ichajiwe kwa robo ampea kwa saa kadhaa. Inayorushwa barabarani bila chaji ya kwanza huanza maisha ikiwa dhaifu. Baadaye, maji yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri yasiyo na madini, si asidi wala maji ya bomba. Pachajiwapo betri pasiwe na sigara wala cheche, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Anayenunua vifaa vya kuuza akumbuke pia kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, wenye cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, unahusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa zenyewe lazima ziwe zimezalishwa ndani ya Jumuiya na ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Rektifaya iliyotengenezwa India au China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Kenya. Katoni ya vifaa hivyo ni mzigo wa kutangaza forodhani kama bidhaa nyingine zilizotoka nje.

Ikizidiwa njiani

Ikitokea chaji imekatika kati ya Mbale na mpaka, lililo muhimu ni kulinda kilichobaki. Redio, taa za nyongeza na kichaji cha simu vizimwe. Betri ibaki imefungwa mahali pake. Fyuzi ikaguliwe, ikiwa imekatika, iwekwe ya kipimo kile kile. Karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi huhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye nyaya zote, na pikipiki zimewahi kuteketea kwa njia hiyo. Kama taa ya nyuma haiwaki na jua linazama, mzigo ulale. Maharage hayaozi kwa usiku mmoja.

Yule wa Nkoma, basi, kabla ya kutafuta betri ya nne, apige resi huku mita ikiwa kwenye betri. Kama inasoma 12.1 na haipandi, ateremshe magunia, afungue kifuniko cha pembeni na kuitazama soketi ya rektifaya. Huenda akaikuta imeyeyuka, pini moja imeliwa na kutu tangu mvua zilizopita. Usipoziba ufa utajenga ukuta: soketi ingegharimu sehemu ndogo tu ya zile betri tatu zilizokwisha kutupwa.